Kosa la Sagyndyk

Atyrau, tarehe 3 Novemba

Kwa Raushan mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na mama yako Zylikha, na mumeo, na Aisara ambaye naambiwa sasa anasoma mwenyewe mabango yote ya barabarani. Je, watu na mifugo ni salama? Najua huko Aktobe mnaishi ghorofa ya nne na hamna hata kuku, lakini nikiuliza hali ya watu nikaiacha mifugo, mama yangu atasema nimelelewa na redio. Kifua cha mama kimepoa? Mara ya mwisho uliandika kwamba anakohoa alfajiri na hataki daktari amguse. Mwambie mimi, Kunsulu, nimesema akubali, japo mara moja.

Sisi huku tu wazima kwa uwezo wa Mungu. Mama yangu analalamika magoti, lakini akisikia kuna harusi anatembea kuliko mimi. Mto umeanza kuganda kingoni. Waliohamia nyumba yenu wameipaka rangi ya buluu, na ule ukuta wa nyuma uliokuwa umeinama wameusimamisha. Nilipita hapo Ijumaa iliyopita nikanusa mafuta ya mikate, nikajua wanakaanga ile mikate ya Ijumaa ya kuwakumbuka marehemu wao. Nikapitiliza haraka.

Umeniandikia mara tatu tangu masika, na mara tatu sikukujibu. Usidhani ni kazi. Kazi nimeiacha, nitakwambia. Kila nilipokaa kukuandikia niliishia kwenye salamu, kwa sababu kilichokuwa kinafuata baada ya salamu nilikuwa sikiwezi. Leo nimejilazimisha. Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa, na usimsomee mama mpaka uimalize wewe. Nitakusimulia kwa mpangilio, hata yale unayoyajua, maana limo moja usilolijua, na hilo moja haliwezi kusimama peke yake.

Unakumbuka nilivyoanza pale bohari ya mafuta. Nilikuwa nimetoka masomoni na cheti changu, nikapewa kazi ambayo haikuwahi kuwa na mtu: kupunguza taka. Wafanyakazi waliposikia kuna msichana amekuja kuhesabu uchafu, walicheka wiki nzima. Kuat, yule mrefu wa pampu, ndiye aliyenipachika jina la Bibi Taka. Akinikuta kwenye chumba cha chai anasema kwa sauti ili wote wasikie, “Jamani, kunyweni mpaka tone la mwisho, Bibi Taka anakagua vikombe!” Na kweli nilikuwa nakagua. Palikuwa na taka za kutisha pale, Raushan. Kila behewa la reli likipakuliwa, mpira wa kupitishia mafuta ulimwaga chini kiasi cha ndoo, wakafunika kwa mchanga, na mchanga ule ukawa kilima nyuma ya ua. Matambara yaliyolowa mafuta yalitupwa pamoja na maganda ya mayai. Mafuta ya kupimia ubora, chupa kwa chupa, yalimwagwa ardhini kana kwamba ni maji ya kunawia.

Baba yako ndiye aliyeniokoa. Jina lake ni Sagyndyk, lakini sote tulimwita Koke, kama wewe ulivyomwita nyumbani, kwa hiyo hata leo nitamwita hivyo. Alikuwa msimamizi wa matangi kwa miaka ishirini na sita, na bila yeye hakuna ambaye angeweka hata karai chini ya mpira kwa sababu mimi nimesema. Siku ya kwanza nilipotangaza kwamba mafuta ya chupa za kupimia yarudishwe tangini, alinitazama juu ya miwani yake, akawageukia wenzake akasema, “Sikilizeni. Binti huyu anataka hata jasho letu tulirudishe kwenye tangi. Na mimi nasema turudishe.” Wakacheka, lakini kesho yake chupa zilirudishwa. Aliponipeleka kwenu kunywa chai, akamwambia mama kwamba amepata binti wa pili, tena huyu anajua kuokota takataka, si kama wa kwanza. Ulimrushia kitambaa cha meza. Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Miaka miwili tukafanya mambo mazuri. Sisemi kwa kujisifu, maana nitakayoyasema mbele yatafuta sifa zote. Makarai yaliwekwa chini ya kila mpira. Koke alishona mwenyewe kwa turubai mifuko ya kukingia matone, kwa sababu ile ya dukani ilikuwa inapasuka kwenye baridi. Kilima cha mchanga kikaacha kukua. Matope ya mafuta yanayolala chini ya matangi tukayapasha moto na kuyaacha yatulie, mafuta yakapanda juu tukayarudisha, kilichobaki kikawa robo tu. Watu wa makao makuu walikuja wakapiga picha. Mkurugenzi wetu, Bwana Temirgali, ambaye mwanzoni hakujua hata jina langu, akaanza kuniita “Kunsulu yetu”.

Mwaka wa tatu tuliahidi makao makuu kwamba taka zitakuwa nusu ya zilivyokuwa. Ilipofika Septemba tulikuwa karibu kabisa, na kilichobaki kilikuwa tangi la saba.

Lile tangi lilikuwa halijasafishwa miaka sita. Unajua desturi, umeisikia mezani kwenu tangu utoto. Kabla mtu hajaingia, tangi huoshwa kwa maji ya moto mara tatu, kila mara maji yakatolewa, mlango ukaachwa wazi na feni ikazungushwa kwa siku kadhaa. Likishaandikwa kuwa safi, watu huingia na barakoa za kawaida na mabeleshi yao. Lisipoandikwa safi, haingii mtu ila na barakoa ya mpira inayovuta hewa kutoka nje, na boharini tulikuwa na mbili tu, zote zimepelekwa kutengenezwa.

Yaliyotokea tarehe ishirini na moja uliyasikia. Koke aliingia tangi la saba saa nne asubuhi, Kuat nyuma yake. Walifanya kazi dakika chache. Kuat akahisi miguu inamlegea, akavuta kamba, wakamtoa akiwa hajitambui. Koke alikuwa mbele zaidi, na kamba yake alikuwa ameifungua ili afike kwenye kona. Walipompata alikuwa amelala kifudifudi kwenye matope. Kuat alipona, ingawa mpaka leo mkono wake wa kushoto unatetemeka na hafanyi tena mzaha na mtu.

Tume ikaja, ikakaa siku tisa, ikaandika. Uliisoma taarifa yao. Walisema mpango wa kazi uliagiza kuosha mara tatu, na kwamba tangi lilikuwa limeoshwa mara moja tu wakati marehemu Sagyndyk, kwa haraka zake na kwa kutegemea uzoefu, alipoingia bila kibali akamchukua na mwenzake. Kwa maneno mafupi, alijiua kwa ukaidi, na nusura amuue Kuat.

Raushan, nataka ujue kwamba ninaikumbuka siku ya arobaini neno kwa neno. Nyumba ilikuwa imejaa. Nilikuwa jikoni nasaidia kuosha mabakuli, ukaingia, ukafunga mlango nyuma yako. Macho yako yalikuwa yamevimba. Ukanishika mikono na maji yake na sabuni yake, ukaniambia, “Nisamehe, dada. Baba ameiharibu kazi yako. Ulijenga kitu kizuri miaka mitatu, yeye akakiangusha asubuhi moja.” Ukasema mama anaona aibu kunitazama. Nikakukumbatia. Nikakwambia usiseme hivyo, hakuna wa kumlaumu. Ukalia begani mwangu ukanishukuru kwa moyo wangu mkubwa.

Baada ya hapo mkahama. Hukuniambia sababu, lakini nilijua. Mke wa Kuat alikuwa akikutana na mama yako sokoni anavuka upande wa pili. Na shuleni kwako mzazi mmoja alikuambia kwamba damu ya mtu mzembe isifundishe hesabu. Hilo nililisikia kwa watu, wewe hukuniambia.

Mimi nilibaki, na nikapanda cheo. Unaweza kucheka. Mpango wetu ulisifiwa, kifo kikahesabiwa kuwa ni ajali ya mtu asiyefuata mpango, na makao makuu wakaamua bohari zao nyingine nne ziige yale yale. Nikapewa gari na kijana wa kuliendesha, nikawa natembea kufundisha. Nilikuwa na picha nyingi za kuonyesha ukutani: makarai, mifuko ya turubai, matope kabla na baada. Na picha ya mwisho, iliyotengenezwa na ofisi ya usalama, ilikuwa na mlango wa tangi na maandishi mekundu juu yake: KOSA LA SAGYNDYK. Chini yake maelezo ya mtu aliyejiona anajua kuliko mpango. Nimeionyesha picha ile mara kumi na moja. Nimesimama mbele ya watu wazima nikalitamka jina la baba yako kama mtu anavyotaja ugonjwa.

Mara ya kumi na moja ilikuwa Agosti, upande wa Mangistau, bohari ndogo yenye joto la kuua na upepo wa chumvi. Ukumbini walikuwamo watu kama thelathini. Nilipofika kwenye picha ile, akasimama mwanamke mmoja wa makamo, mpimaji wa matangi, jina lake Nagima. Akaomba radhi kwa kunikatiza. Akasema huyo ninayemsema alifanya naye kazi Atyrau miaka sita, kabla ya yeye mwenyewe kuhamishiwa Mangistau, na ndiye aliyemfundisha. Akasema, “Mama, mzee yule alikuwa hapandi hata ngazi kabla hajaijaribu kwa mguu. Mimi alinirudisha nyumbani siku moja kwa sababu nilipima hewa mara mbili badala ya tatu. Leo mnaniambia aliingia bila kibali? Labda ni Sagyndyk mwingine, mama. Angalieni vizuri makaratasi yenu.”

Watu wakaguna. Meneja wa pale akamwambia akae, asimwaibishe mgeni. Nagima akakaa, lakini hakuacha kunitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananisubiri, kama mtu aliyeuliza saa na anajua unayo mkononi.

Nikaendelea kusoma mstari uliofuata. Kisha sikuweza. Nikawaambia sijisikii vizuri, nikatoka nje nikakaa kivulini mwa tangi. Meneja akanifuata na maziwa ya ngamia kwenye bakuli, akidhani ni joto. Akaniambia kwa furaha, ili kuniliwaza, kwamba tangi lao la pili litasafishwa Jumatatu, na ili wasizidi kiwango cha taka kilichomo kwenye mwongozo wangu mpya, wataosha mara moja tu.

Sasa nimefika, Raushan. Nimezunguka kurasa zote hizi nifike hapa.

Kuosha mara moja lilikuwa wazo langu. Tume haikulijua, na Koke hakulitaka. Maji yale ya moto yakishaosha tangi huwa ni taka, na huhesabiwa. Tangi la saba likioshwa mara tatu lingetoa maji machafu mengi kuliko taka zetu zote za nusu mwaka, na ile nusu niliyoahidi isingetimia. Nilikaa na kalamu nikaona njia: tuoshe mara moja, tupime hewa, ikiwa nzuri tuandike safi. Hakuna aliyeniagiza. Bwana Temirgali hakujua hata tangi huoshwa mara ngapi. Mpango wa kwanza wa tangi la saba niliuandika kwa mkono wangu, ulisema mara moja, nami nikautia sahihi.

Koke alikuja ofisini kwangu na karatasi ile siku mbili kabla. Alifunga mlango, akavua kofia. Akaniambia, “Mwanangu, matope ya miaka sita yamelala. Ukipima hewa mlangoni utaambiwa hakuna kitu, kwa sababu yamelala. Ukiyakanyaga yanaamka.” Nikamwonyesha hesabu zangu. Nikamwambia kipimo ni kipya, kimetoka nje, hakidanganyi. Akasema tungoje basi zile barakoa za mpira zirudi. Nikamwambia zitarudi Novemba, na wageni wa makao makuu wanakuja Alhamisi. Na kisha nikasema neno ambalo nimelibeba tangu siku ile. Nilimwambia, “Koke, kama wewe umechoka nitamwambia Kuat asimamie.”

Akavaa kofia yake. Akasema basi, kama ni hivyo ataingia yeye kwanza, Kuat afuate nyuma karibu na mlango, na vijana wengine wasisogee mpaka atoke.

Asubuhi ile nilikuwepo. Tume iliandika kwamba sikuwepo, lakini nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka mlangoni, nimeshika kibali nilichokisaini mimi. Kilisema tangi ni safi. Nagima alisema kweli: Koke alipima hewa mara tatu, na mara zote tatu kipimo kilisema salama. Akakitazama, akanitazama mimi, akasema, “Haya. Mimi sijakiamini hiki. Nimekuamini wewe.” Akainama akaingia.

Jioni Bwana Temirgali aliniita. Akasema tukipelekwa wawili gerezani Koke hatarudi, na mpango utakufa, na zile taka zote zitarudi kwenye ardhi ya watoto wetu. Akaniwekea karatasi tupu. Nikaandika mpango upya, nikaweka mara tatu, nikaweka tarehe ya nyuma. Kibali alikichoma yeye mwenyewe kwenye kibati cha majivu, mbele yangu. Mpango wa kwanza nilimwambia nimeuchana. Sikuuchana. Sijui kwa nini. Nadhani sikutaka kuwa mtu anayeweza kuuchana, ingawa niliweza kila kitu kingine.

Kuat aliujua ukweli. Alipoamka hospitalini aliambiwa na mkurugenzi kwamba akinyamaza hatalaumiwa. Alinyamaza. Nimekutana naye mwezi uliopita na ameniambia sasa atasema. Alilia kama mtoto, akaniuliza kama mama Zylikha bado yu hai.

Siku ile Mangistau nilirudi ukumbini. Niliwaambia tangi lao la pili lisiguswe Jumatatu, wala siku yoyote, mpaka lioshwe mara tatu, na kwamba mwongozo wangu una kosa. Meneja akauliza kosa la nani. Nikasema langu. Nagima akafunika uso kwa ncha ya kitambaa chake, na sikupata nguvu ya kumweleza zaidi. Nilikaa Mangistau mpaka Jumatatu ikapita, nikihakikisha.

Kisha niliificha tena siri ile wiki sita nzima, Raushan. Nalisema hilo ili usidhani nilikuwa shujaa baada ya pale. Niliacha kazi nikasema ni afya. Mama yangu ndiye aliyenikuta na karatasi ile ya kwanza mezani, akaisoma polepole kwa miwani yake ya kushonea, maana alifanya kazi ya ukarani zamani na anaelewa. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, “Zylikha anajua?” Nikasema hapana. Akanyanyuka akaenda kulala bila kula, na kwa siku tatu hakusema nami isipokuwa juu ya chai na mkaa. Siku ya nne nilivaa koti nikaipeleka karatasi kwa mkaguzi wa kazi wa mkoa, nikamwandikia maelezo kurasa saba, mengi ni haya haya niliyokuandikia wewe.

Kesi imefunguliwa upya. Bwana Temirgali ameshahojiwa na anasema mimi ni mwongo niliyeugua akili. Mimi nimeambiwa nisitoke mkoani. Mwanasheria anasema naweza kupata miaka, hajui mingapi. Mama yangu ameanza kushona soksi nzito bila kuniambia ni za nini.

Siombi unisamehe. Ningekuomba, ungenisamehe, maana nakujua, na ingekuwa nimekuibia tena. Wewe uliniomba radhi jikoni kwenu juu ya damu ya baba yako mwenyewe, na mimi nikaipokea radhi ile. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linaloniamsha. Mama yako alikuwa anaona aibu kunitazama. Mwambie, ukiona inafaa, kwamba mumewe hakuwa mkaidi wala mzembe. Aliingia mbele ili vijana wasiingie, na aliingia kwa sababu binti aliyelishwa mezani pake alimtishia kwa maneno ya kuudhi. Watu wa zamu yake niliwaita mmoja mmoja nikawaambia. Mke wa Kuat anasema ataandika barua kwa mama yako mwenyewe, nami nikamwambia afanye haraka.

Salamu zangu kwa mumeo. Aisara mbusu, ila usimwambie busu limetoka kwa nani, mpaka utakapoamua. Mama yangu anamsalimu mama yako kwa heshima zote na anasema hana la kuongeza. Jirani yenu wa kushoto, mzee wa njiwa, anawasalimu pia, hajui lolote.

Baraza litakaa tarehe kumi na tisa, saa tatu asubuhi, jengo la mahakama ya mkoa, chumba cha ghorofa ya pili. Nimeomba nisome maelezo yangu mwenyewe, kwa sauti, na wamekubali. Watu wa zamu ya Koke wote watakuwepo, wameshabadilishana zamu. Ukija, kaa nao. Huna haja ya kunisalimu wala kunitazama. Njoo tu usikie jina la baba yako likisomwa sawasawa.

Ni mimi,
Kunsulu binti Orazbai